Kuendesha bustani ya mboga bila kutifua udongo: mwongozo wa mwaka mzima kwa wakulima wa milimani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye robo eka au pungufu katika nyanda za juu zenye misimu miwili ya mvua, na mifano yake inatoka Lushoto, katika milima ya Usambara ya Magharibi, ambako mboga zimekuwa zao la biashara kwa vizazi na ambako udongo wa mteremko uliotifuliwa Februari huonekana Aprili ukishuka bondeni ndani ya maji mekundu. Mkulima wa Meru, wa Kilimanjaro au wa milima ya Taita ataona kwamba mengi yanamhusu, mradi alinganishe miezi na mvua za kwake.

Kazi kubwa ya kilimo hiki ni kutafuta matandazo. Jembe linaweza kuwekwa kando leo hii, lakini udongo uliofunikwa mara moja na kuachwa bila kuongezewa majani huota magugu, hupigwa jua, hushikamana, na kabla ya mwaka kwisha mwenye shamba hulirudia jembe lake akiamini kwamba njia yenyewe haifai. Kwa hiyo kila msimu unaoelezwa hapa umepangwa kwa kuanza na swali moja: majani ya kufunika yanatoka wapi sasa, na yale ya msimu ujao yanaota wapi?

Udongo usiotifuliwa hujengwa na viumbe wake wenyewe. Nyungunyungu huchimba vijia vinavyopitisha maji na hewa, mizizi iliyooza huacha njia ambazo mizizi mipya huzifuata, na nyuzi nyembamba za kuvu hushikanisha chembe za udongo zikawa vidonge vidogo visivyosambaratishwa na matone ya mvua. Jembe hukata vyote hivyo, na likipiga kina kilekile mwaka hadi mwaka huacha tabaka gumu chini ya udongo laini, ambalo maji hayalipenyi. Vilevile huzileta juu mbegu za magugu zilizokuwa zimelala gizani, na mbegu hizo zikipata mwanga huota.

Majani kabla ya matuta

Katika Usambara majani ni chakula cha ng'ombe, na hapo ndipo mipango mingi ya kutotifua udongo inapokwama. Mabua ya mahindi, majani ya maharage na nyasi za kingo zote zina mwenyewe, yaani ng'ombe wa maziwa aliye bandani, na si haki kumshauri mkulima amnyime ng'ombe ili afunike kabichi. Suluhisho ni kupanda majani zaidi. Mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP, uliofanya kazi Lushoto kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulihimiza kupanda nyasi za guatemala kwa mistari inayofuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, pamoja na miti na ufugaji wa ndani, na mpaka leo guatemala ni jani linalojulikana na kila mtu huko. Mstari wa guatemala hufanya kazi tatu: huzuia udongo, hulisha ng'ombe, na hufunika tuta. Mabingobingo hufaa pia, ila yana njaa kali ya rutuba na yakipandwa karibu na tuta huinyang'anya mboga maji.

Mkulima ambaye hana majani yake mwenyewe aanze kupanda guatemala mwanzoni mwa masika, msimu mmoja au miwili kabla ya kuacha kutifua. Alizeti pori, lile lenye maua ya njano linaloota kando ya barabara na kwenye mipaka, likatwe majani na matawi yake laini tu, kwa sababu huoza upesi na lina naitrojeni nyingi, ilhali mashina yake manene yakitupwa kwenye tuta lenye unyevu huchipua. Tahadhari hiyohiyo iwe kwa guatemala na mabingobingo: yakatwe, yaanikwe juani mpaka yanyauke kabisa, ndipo yatandazwe, la sivyo vifundo vya shina vitaota mizizi na tuta litageuka kuwa shamba la malisho. Mabaki ambayo ng'ombe ameyaacha horini, yale mashina magumu aliyoyakataa, ni matandazo bora kuliko majani mabichi kwa kuwa huchelewa kuoza.

Kuanza mwishoni mwa masika

Wakati mzuri wa kuanza ni mwishoni mwa Mei hadi Juni, udongo ukiwa bado na unyevu na majani yakiwa yamejaa kila mahali. Chukua nondo nyembamba au kijiti kigumu kilichochongwa, ukididimize ardhini sehemu mbalimbali za shamba. Kama kinazama kwa shida ileile mpaka chini, hakuna haja ya kuchimba. Kama kinaingia vizuri kisha kinagota ghafla kabla ya kufika shibiri moja, kuna tabaka gumu, na hilo livunjwe mara moja tu, kwa uma wa shamba unaochomekwa na kutikiswa bila kuupindua udongo. Sangari, gugu lenye mizizi mirefu inayotambaa, nayo iondolewe wakati huu, mizizi yake ifuatwe na kung'olewa kwa uma, kwa maana haifi kwa kufunikwa kidogo. Ndago ni mkaidi zaidi, hutoboa hata maboksi, na sehemu iliyojaa ndago ni heri iachiwe mboga zenye kivuli kizito kama maboga mpaka inyong'onyee.

Matuta yafuate kontua, yapimwe kwa kipimo cha miti iliyoungwa kama herufi A, chenye uzi na jiwe. Upana wa mita 1 unamwezesha mtu kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga, na njia ya sentimita 50 inapitisha toroli. Kanuni moja haina msamaha: tuta halikanyagwi, hata na watoto, hata siku ya kuvuna, kwa sababu udongo usiotifuliwa hauna njia ya haraka ya kujirekebisha ukishindiliwa.

Nyasi zilizomo zifyekwe hadi chini na kuachwa hapohapo. Juu yake yalazwe maboksi ya karatasi yaliyotolewa selotepu na pini, yakipishana kwa upana wa kiganja, kisha yamwagiliwe mpaka yalegee na kushika umbo la ardhi. Halafu imwagwe mboji yenye unene wa sentimita 5. Kwa tuta la mita 1 kwa mita 10 hiyo ni nusu ya mita ya ujazo, sawa na lita 500, au kama matoroli 8 ya lita 60, na hesabu hii ifanywe kabla ya kupima shamba, kwa kuwa ndiyo inayoamua idadi ya matuta. Miaka inayofuata sentimita 2 zinatosha, yaani lita 200 kwa tuta kwa mwaka. Mwisho tandaza majani makavu kwa unene wa sentimita 8 hadi 10, yatashuka yenyewe. Anza na matuta machache yanayofunikika sawasawa. Mwenye robo eka anaweza kuanza na matuta kumi na kuendelea kulima sehemu iliyobaki kwa njia aliyoizoea, na hakuna ubaya wowote katika kwenda polepole. Watu wa milima hii walilazimishwa na serikali ya kikoloni kulima matuta ya kuhifadhi udongo miaka ya 1950, wakayapinga, na sababu mojawapo ilikuwa mzigo wa kazi uliozidi faida waliyoiona. Njia yoyote ya hifadhi inayomchosha mkulima katika mwaka wa kwanza haitafika mwaka wa tatu.

Mboji yenyewe itengenezwe kwa tabaka za majani makavu, majani mabichi na samadi, chungu, yaani lundo lake, kikiwa na upana na kimo cha kama mita 1.5, na fimbo ndefu ichomekwe katikati. Baada ya siku chache fimbo ikitolewa iwe ya moto mkononi. Ikiwa ya baridi na kavu, chungu kinahitaji maji, na ikiwa ya baridi na yenye harufu mbaya, maji yamezidi na kipinduliwe. Samadi ya kununua ipimwe kwanza. Mifugo iliyolishwa majani yaliyopuliziwa baadhi ya dawa za kuua magugu ya majani mapana hutoa samadi inayokunja nyanya na maharage, kwa hiyo panda maharage machache kwenye makopo yenye samadi hiyo iliyochanganywa na udongo, na usiisambaze kabla hujaona majani yake yakifunguka vizuri.

Kipupwe

Juni hadi Agosti ni msimu wa baridi na ukungu, na kwa mwenye maji ya mfereji ndio msimu mkuu wa kabichi, karoti, njegere na saladi. Miche ipandikizwe jioni. Fungua matandazo kwa mikono miwili mpaka uone udongo, upana wa kiganja tu. Kama tuta limekaa vizuri utakuta nyuzi nyeupe za kuvu zikishikilia chini ya majani na vinyesi vya nyungunyungu kama chengachenga nyeusi. Chomeka ncha ya panga, isukume mbele ili ipasuke nafasi, teremsha mche na udongo wake wa kitaluni, bana kwa vidole, mwagilia, kisha rudisha majani yakiishia vidole viwili kutoka kwenye shina. Udongo unaoguswa ni ule wa tundu la mche peke yake.

Baridi huleta jambo ambalo vitabu vya nchi tambarare havilizungumzii. Matandazo mazito huzuia jua lisipashe udongo, na katika vijiji vya juu, vilivyo karibu na mita 2,000, hoho na nyanya zilizofunikwa sana mwezi Julai hudumaa. Kwa mazao hayo vuta majani pembeni, acha mboji ionekane kwenye mstari wa miche, na urudishe jua likianza kuwa kali mwezi Septemba.

Karoti hazipandikizwi. Sogeza matandazo yote njiani, ongeza mboji iliyochekechwa, sia mbegu kwa mistari, funika kwa majani mepesi sana ili unyevu usipotee, na uyaondoe mara tu zinapochomoza. Majani mazito yarudishwe kati ya mistari karoti zikifika kimo cha kidole. Viazi mviringo, kinyume chake, ni rahisi kuliko katika kilimo cha jembe: vilazwe juu ya mboji, vifunikwe kwa majani makavu yenye unene wa sentimita 20 au zaidi, na viongezewe kila vinapoonekana, kwa kuwa kiazi kilichopigwa na jua huwa cha kijani na hakifai kuliwa. Wakati wa kuvuna majani hufunuliwa na viazi huokotwa.

Majani ya mboga yakianza kuwa ya njano katika mwaka wa kwanza, sababu ya kawaida ni upungufu wa naitrojeni, hasa pale ambapo mabua makavu yamechanganyika na udongo badala ya kukaa juu yake. Loweka alizeti pori au samadi kwenye pipa kwa wiki mbili, zimua mpaka maji yawe na rangi ya chai hafifu, na umwagie kwenye mizizi.

Septemba na mvua za vuli

Septemba ni mwezi wa upepo na ukavu. Majani ya masika yameisha au yamekuwa vumbi, na mkulima ambaye hakukata na kuhifadhi akiba yake mwezi Juni ataona udongo wake. Akiba hiyo iwekwe juu ya vichanja, mbali na jiko na mahali wanapochoma takataka, na mbali na mbuzi wa jirani. Mchwa wakitokea hula majani makavu kwanza na wakati mwingine miche. Dawa ya kudumu ni kuwapa majani mengi ya kutosha na kuweka tuta katika hali ya unyevu, maana huvamia mmea hasa pale wanapokosa kingine.

Mvua za vuli huanza Oktoba au Novemba, na haziaminiki. Hapa pana mtego ambao mkulima wa jembe hana: manyunyu ya kwanza humezwa na matandazo. Uso wa tuta unaonekana umelowa, majirani wanapanda, lakini ukipitisha kidole chini ya majani unakuta vumbi. Usipande kwa kutazama mawingu. Ingiza mkono, na kama udongo haujalowa mpaka kina cha kidole cha kati, subiri au mwagilia kwanza. Baada ya hapo mambo hugeuka upande wako, kwa kuwa mvua ikikatika kwa wiki mbili tuta lililofunikwa hubaki na unyevu wakati shamba tupu limekwisha kupasuka. Panda maharage, mchicha, mnavu na sukuma wiki, na sia mchicha kwa awamu mbili au tatu ili usivune wote siku moja.

Januari na Februari

Huu ndio wakati wa kuhesabu maji. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na mboga zilizokomaa katika jua kali zinaweza kutumia milimita 4 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo tuta la mita 10 za mraba linahitaji lita 40 hadi 50, yaani ndoo mbili hadi mbili na nusu za lita 20. Matandazo hupunguza sehemu inayopotea kwa udongo kukauka, ingawa hayapunguzi maji yanayonywewa na mmea wenyewe, kwa hiyo punguza kwa kupima kwa kidole na si kwa matumaini. Mwagilia asubuhi, chini ya majani, kwa kiasi kinachoshuka mpaka kwenye mizizi. Kunyunyiza kidogo kila siku huishia kwenye matandazo tu.

Joto huleta inzi weupe, utitiri na kantangaze, yule nondo wa nyanya ambaye viwavi wake huishi ndani ya jani na kutoboa tunda. Kutotifua udongo hakumzuii, na wala mwarobaini peke yake hautoshi akishaenea. Ng'oa majani yaliyochorwa mahandaki, yafungie kwenye mfuko mweusi juani mpaka yaive, na usipande nyanya mara mbili mfululizo wala karibu na zile za zamani. Kumbuka kwamba yeye huweza kujigeuza buu ardhini na kwenye majani yaliyoanguka, hivyo matandazo ya tuta lililoshambuliwa yaondolewe na kupikwa katikati ya chungu cha mboji chenye moto.

Masika

Machi hadi Mei ndipo njia hii inapojaribiwa, kwa faida na kwa hasara. Faida huonekana siku ya mvua kubwa ya kwanza: maji yanayotoka kwenye tuta lililofunikwa ni machache na meupe. Lakini tuta haliwezi kumeza maji yanayoporomoka kutoka shamba la juu, kwa hiyo mfereji wa kuyakatiza uchimbwe Februari juu ya shamba zima, ukiwa na mteremko mdogo wa kuelekeza maji mahali penye majani au mawe, na njia kati ya matuta zijazwe matawi na mabua magumu ambayo yatapunguza kasi.

Hasara kubwa ni konokono na koa, ambao hujificha chini ya majani mchana na kumaliza miche usiku. Wiki moja kabla ya kupandikiza vuta matandazo yote njiani ili uso wa tuta ukauke kidogo, tumia miche mikubwa yenye majani matano au sita, na upite na tochi saa mbili usiku ukiwaokota ndani ya kopo lenye maji ya chumvi. Bata wachache wakiingizwa shambani kabla ya kupanda husaidia sana, ila watolewe mche wa kwanza ukiingia. Majani yarudishwe kidogokidogo, mboga zikishakuwa na shina gumu.

Bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani, hushambulia nyanya na viazi katika baridi yenye unyevu, na bei nzuri ya nyanya za masika inatokana na ukweli kwamba wengi hushindwa. Ushauri wangu ni kuziacha, isipokuwa una banda la nailoni la kuzikinga na mvua. Panda sukuma wiki, figiri, spinachi na vitunguu vya majani, na theluthi moja ya matuta uipumzishe kwa mimea ya jamii ya kunde kama marejea, ngwara au kunde zenyewe. Mimea hii ndiyo matandazo yako ya miezi ijayo, nayo hutia naitrojeni udongoni. Marejea yakatwe yanapoanza kutoa maua, kabla shina halijawa kuni na mbegu hazijakomaa, yalazwe palepale, na baada ya wiki mbili au tatu miche ya kabichi ipandikizwe katikati yake.

Kuvuna na kuondoa zao

Zao lililokwisha haling'olewi. Kabichi, maharage na mchicha hukatwa usawa wa udongo kwa kisu kikali, na mizizi huachwa ioze mahali ilipo. Mzizi wa sukuma wiki ukichipua tena ukatwe chini zaidi, chini ya kovu la jani la mwisho. Isipokuwa pale penye ugonjwa wa udongoni. Mnyanya uliokufa kwa mnyauko bakteria, kabichi yenye mizizi iliyovimba na mboga yenye vifundo vya minyoo ing'olewe na mzizi wake wote, itolewe shambani, na tuta lisipewe zao la jamii hiyo kwa miaka mitatu au zaidi. Kisu nacho kioshwe kwa sabuni kabla ya kuhamia tuta jingine.

Kila mwaka baada ya masika toa kipande cha udongo kwa sepeto, urefu na upana wa shibiri, kwenye tuta moja la zamani na kwenye sehemu inayolimwa kwa jembe. Vivunje kwa mkono kwenye gunia, uhesabu nyungunyungu, utazame kama mizizi inashuka wima au inapinda kando, na unuse. Kipande cha tuta kikivunjika kuwa vidonge vyenye matundu, na ikiwa guatemala yako ya mwaka huo ilitosha kufunika mpaka Septemba bila ng'ombe kukosa, ongeza matuta mawili au matatu Juni hiyo. Kama majani hayakutosha, usiongeze tuta hata moja. Ongeza mstari mwingine wa guatemala.